Matairi ya Mwalimu Engkos

Inspekta Sukaesih alikuwa amelala chali juu ya kipande cha boksi kilicholowa, kichwa na mabega chini ya gari lililopondeka, tochi ameibana kwa meno. Mvua ilikuwa ikilipiga bati la yadi ya polisi pale Cisarua kwa nguvu kiasi kwamba mlinzi, aliyesimama hatua tatu tu kutoka kwake, alilazimika kupaza sauti kumwita Bu, yaani mama.

"Bu, huko chini unatafuta nini? Hilo gari limeshakufa."

Sukaesih akaitoa tochi mdomoni. "Natafuta tarehe ya kuzaliwa. Si ya gari. Ya matairi."

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Saa kumi jioni jalada la Mwalimu Engkos lilitakiwa liwe mezani kwa mwendesha mashtaka mjini Bogor, na ndani yake kulikuwa na maneno mawili tu yenye uzito: mwendo kasi. Alhamisi iliyopita gari dogo la abiria la mwalimu huyo mstaafu liliteleza kwenye mteremko wa chini ya soko, likavunja ukingo, likabiringika hadi karibu na mto Ciliwung. Ndani mlikuwa na wagonjwa wanne wa figo aliokuwa akiwapeleka hospitali kusafishwa damu, kama alivyofanya kila Jumatatu na Alhamisi kwa miaka sita. Wawili walikufa palepale, Bi Onih mshona nguo na kijana mmoja fundi redio aliyeitwa Wahyu. Askari waliolikagua gari waliona mifereji ya matairi ina kina cha kutosha, wakaandika kwamba matairi hayana kasoro. Na kama matairi hayana kasoro, basi kosa ni la mguu wa dereva.

Lakini muuza ndizi wa pale kwenye kona aliapa kwamba gari lilikuwa likishuka taratibu, kama linalomsindikiza bibi harusi. Neno hilo lilikuwa limemkaa Sukaesih kooni siku nne.

Kila tairi lina tarakimu nne ubavuni zinazosema lilitengenezwa wiki ya ngapi, mwaka gani. Tarakimu hizo huwa upande mmoja tu, na anayetaka kuzificha huligeuza tairi ili upande huo utazame ndani, chini ya gari, mahali ambapo askari mwenye sare safi hapendi kulala. Tairi la kwanza lilikuwa limesuguliwa kwa msasa pale penye tarakimu. La pili vilevile. La tatu vilevile. Kwenye la nne aliyesugua alichoka mapema. Sukaesih alisoma kwa ncha ya kidole zaidi kuliko kwa macho: wiki ya thelathini na mbili, miaka kumi na moja iliyopita.

Akajikokota mpaka mbele ya tairi, akachomeka njiti ya kiberiti ndani ya mfereji. Njiti ilizama karibu nusu. Kina kizuri, kweli. Lakini kingo za mfereji zilikuwa zinayumba kama mstari uliochorwa na mlevi, na chini kabisa, mwanga wa tochi ulipoingia, alikuta nyuzi za waya zinamchungulia. Vile vinundu vidogo ambavyo kiwanda huviweka ndani ya mfereji kumwonya mwenye gari kwamba mpira umekwisha havikuwapo. Vilikuwa vimechongwa pamoja na mpira wenyewe.

"Batiki," alisema.

Mlinzi akainama. Hakuna mtu wa milima ile asiyejua tairi la batiki: tairi kipara linalochongwa upya kwa chuma cha moto, likapakwa rangi nyeusi, likang'aa kama jipya. Kwenye jua linapita. Kwenye lami yenye maji mpira wake ni mgumu kama sabuni kavu, na huteleza kama sabuni mbichi.

"Basi mwalimu amekwisha," mlinzi alisema taratibu.

Sukaesih akazima tochi. Alikuwa amekuja kumpunguzia mzee mzigo, akamwongezea. Jana alikuwa dereva aliyekwenda kasi. Leo alikuwa dereva aliyewapakia wagonjwa juu ya matairi mafu huku akijua.

*

Mwalimu Engkos, mwenye umri wa miaka sitini na moja, alikuwa amelazwa na mguu mmoja umefungwa plasta hadi nyongani. Askari alikaa mlangoni. Binti yake, Teti, alikuwa akimlisha uji wa wali kwa kijiko. Teti alikuwa na miaka thelathini hivi na mikono mipana ya mtu wa kazi. Aliendesha pikapu ya kushusha karoti na kabeji kutoka mashamba ya juu hadi soko la Bogor. Mume alikuwa amemwacha na mtoto, na tangu hapo alirudi kuishi kwa baba yake. Siku nne hizi hakutoka hospitalini ila kwenda kumtazama mtoto kwa jirani.

"Tumwache Abah ale kwanza, Bu," alisema.

"Sitachukua muda."

Teti akaliinua bakuli, akatoka nalo.

"Mwalimu, matairi ya gari lako ulinunua lini?"

Mzee akajaribu kujiinua kwa viwiko. "Siku nne nangoja mtu aniulize hilo. Mwezi jana, tarehe kumi na mbili. Manne, mapya kabisa."

"Uliyachaguaje?"

"Wiki tatu nilizunguka. Duka la kwanza wakanionyesha tairi la kudumu. Muuzaji akaniambia, Mwalimu, hili utawarithisha wajukuu. Nikalibonyeza kwa ukucha, gumu kama kwato. Nikamwambia mimi sitafuti urithi, natafuta kusimama. Duka la pili wakataka niweke mapya mawili tu, tena mbele, ya nyuma niyaache. Nikawaambia kitako cha gari kikikimbia mvuani hakuna usukani wa kukirudisha, na wagonjwa wangu ndio wanaokaa nyuma. Wakacheka. Nikaenda Ciawi, kwa Pak Tjipto." Sauti yake ilikuwa imepata nguvu ya darasani. "Pale ndipo nililipata. Mifereji minne mipana inayozunguka, ya kukamua maji. Vichanja vyembamba, vingi, kama vilivyokatwa kwa wembe, vya kung'ata lami. Mpira laini. Na ubavuni, kwenye alama ya kushika barabara iliyolowa, herufi A mbili. Kuna tairi lina A moja, kuna B, kuna C. Mimi nilichukua la A mbili, Bu. Mvua ya huku kwetu unaijua."

"Risiti?"

"Ilikuwa kwenye kijisanduku cha mbele. Sasa itakuwa imefika baharini."

Sukaesih akatoa simu, akamwonyesha picha alizopiga yadi. Mzee akaomba miwani yake. Alizitazama moja baada ya nyingine, akarudi ya kwanza, akazitazama tena.

"Haya ndiyo yaliyokuwa kwenye gari langu?"

"Yote manne."

"Na magurudumu yenyewe, chuma chake, hakikubadilishwa baada ya ajali?"

"Yadi ina mlinzi usiku na mchana."

Mwalimu akairudisha simu. Akavua miwani, akaikunja, akaiweka kifuani.

"Una karatasi, Bu?"

"Ya nini?"

"Ya maelezo yangu. Andika kwamba sikununua matairi yoyote. Nilifunga batiki kwa kujua, kubana matumizi. Nitatia sahihi."

"Dakika mbili zilizopita umeniambia habari ya ukucha na kwato."

"Dakika mbili zilizopita nilikuwa mzee anayejitetea. Andika."

"Mwalimu, hiyo ni miaka sita jela."

"Nimefundisha hesabu miaka thelathini na nne. Sita naijua." Akafumba macho. "Usipoandika wewe, nitamwita huyo wa mlangoni."

Sukaesih akafunga daftari bila kuandika. Ukumbini alimkuta Teti ameegemea ukuta, bakuli mikononi, uji umeshapoa.

"Amekula?" Teti aliuliza.

"Mlishe," Sukaesih alisema. "Atahitaji nguvu."

*

Duka la Pak Tjipto pale Ciawi lilinuka mpira mpya. Mwenyewe alikuwa mtu mnene mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi, na aliposikia jina la Engkos alipiga kaunta kwa kiganja.

"Yule mwalimu wa maji? Nitamsahau vipi? Alikuja na chupa ya maji ya kunywa, akawa anayamwagia matairi yangu moja moja, amechuchumaa, anaangalia maji yanakimbilia wapi. Sakafu ikawa bwawa. Mke wangu akadhani paa linavuja, akaleta ndoo."

"Ulimuuzia?"

"Manne. Nilimwambia, Mwalimu, haya yanakwisha haraka, mpira wake laini. Akanijibu, bora yaishe maisha yao kuliko yangu." Pak Tjipto alicheka, halafu kicheko kikamwishia mdomoni. "Nilisikia habari ya ajali. Sikuamini ni yeye."

"Nionyeshe daftari."

Alikuwa na daftari la dhamana, na ndani yake kila tairi lilikuwa na mstari wake. Engkos, manne, wiki ya nane ya mwaka huu. Sukaesih alipiga picha ukurasa, huku akimtazama muuzaji kwa jicho la pembeni. Mikono ya Pak Tjipto ilikuwa inatetemeka.

"Ulimfungia mwenyewe?"

"Hapana. Siku hiyo umeme ulikatika, mashine yangu haikufanya kazi. Akayapakia garini, akaenda kufunga kwa Sobari, kwao Cisarua."

"Umeme ukakatika siku hiyohiyo."

"Huku umeme haukatiki, Bu? Unaishi nchi gani?"

"Mbona unatetemeka, Pak Tjipto?"

"Watu wawili wamekufa na matairi yamo kwenye daftari langu kwa mwandiko wangu. Wewe usingetetemeka?" Akavua miwani. "Niambie ukweli. Yaliteleza? Yale ya A mbili?"

"Hayakuwa kwenye gari."

Mtu mzima yule akakaa kwenye kigoda chake, akashusha pumzi ndefu. Sukaesih alimwamini, na hilo halikumfurahisha. Ilikuwa imebaki saa nne kasoro, na barabara ya kupanda Cisarua ilikuwa imefungwa upande mmoja kwa ajili ya magari ya watalii. Alikaa kwenye foleni dakika hamsini akiwa amekunja ngumi juu ya usukani.

*

Sobari alikuwa na kibanda cha bati kando ya barabara, pampu ya upepo, beseni la maji ya kutafutia pancha, na milima ya matairi chakavu pande zote. Juu ya benchi lake kulikuwa na chuma chembamba chenye ncha iliyopinda na waya wa umeme mkiani. Sukaesih alikiona kabla hajasalimia. Akakinyanyua.

"Angalia mkono, Bu. Cha moto hicho."

"Unachonga batiki, Kang Sobari?"

"Nani huku hachongi?" Sobari, mwembamba, ndevu chache, hakuonekana kuogopa. "Watu hawana uwezo. Mimi nachonga ya shambani, ya mikokoteni."

"Na ya mwalimu Engkos?"

Hapo uso ukabadilika. "Ya mwalimu nilifunga mapya. Manne. Usinibambikie kesi."

"Alikuletea mapya, ukayauza, ukamfungia batiki."

"Mwalimu Engkos alinifundisha kusoma. Alikaa pale kwenye lile jiwe muda wote wa kazi, ananihesabia nati. Ningemwibia vipi, kwa miujiza?" Akamvuta Sukaesih hadi kwenye gurudumu lililoegemezwa ukutani, akamwonyesha tone la rangi ya njano pembeni ya mdomo wa kujazia upepo. "Ona. Kila gurudumu ninalofunga naliwekea hili. Watu huchezewa na mafundi wengine halafu wanakuja kunitukana mimi. Yangu yana njano. Ya mwalimu niliyawekea yote manne, kwenye chuma, si kwenye mpira."

Sukaesih akafungua picha zake. Akaikuza ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Chuma kilikuwa na kutu na matope. Njano haikuwapo.

Sobari naye akachungulia. "Basi chuma hiki si cha mwalimu."

"Una hakika?"

"Huwezi kuing'oa rangi hii bila kukwangua, na hapa hapajakwanguliwa. Hawakubadilisha tairi, Bu. Wamebadilisha gurudumu zima."

Sukaesih alisimama mvuani, nje kidogo ya bati, bila kujua kwamba analowa. Gurudumu zima. Hapakuwa na haja ya fundi wala mashine. Jeki, spana, na mtu mwenye mikono ya kazi.

"Gari gani jingine linaingia magurudumu haya?"

"Pikapu zote za mboga. Kiwanda kimoja, umbo moja. Milima hii zipo kama mia tatu."

Simu ikaita. Alikuwa mkuu wake. Mwalimu Engkos ametia sahihi maelezo yake saa saba na robo, mbele ya askari wa zamu: batiki, kwa kujua, kubana matumizi. "Umefanya kazi nzuri kuligundua hilo," mkuu alisema. "Lete jalada, tulifunge."

"Naomba mpaka saa kumi."

"Mtu amekiri, Sukaesih."

"Saa kumi nilipewa. Bado haijafika."

Akakata simu. Akarudi kwenye picha zake. Magari mia tatu, saa mbili kasoro. Halafu akaitazama tena ile picha ya mfereji, na zile kingo zinazoyumba kama za mlevi, akamwekea Sobari simu chini ya pua.

"Kila fundi ana mkono wake wa kuchonga. Kama mwandiko. Huu ni mkono wa nani?"

"Siwezi kujua."

"Hujatazama."

"Picha ndogo."

"Nimeikuza. Tazama, Kang Sobari."

Akatazama. Akajifuta mikono kwa kitambaa, kwanza viganja, kisha migongo ya mikono, kisha kidole kimoja kimoja, kana kwamba kuna mafuta yasiyotoka.

"Mimi nina watoto, Bu."

"Bi Onih pia alikuwa nao."

Sobari akakaa juu ya rundo la matairi. Aliongea akitazama beseni. "Nilimwambia. Nilimwambia haya ni ya kuvukia mwezi mmoja tu, tena kiangazi. Mvua ikianza usiteremke nayo. Akasema karoti zikilipa atanunua mapya."

"Ulimwambia nani?"

"Mwenye pikapu." Akakikunja kile kitambaa. "Teti," alisema. "Teti wa mwalimu."

*

Saa tisa na robo Sukaesih aliingia kwenye maegesho ya hospitali. Pikapu ya Teti ilikuwa mwisho wa safu, turubai limefunikwa nyuma, majani ya kabeji yamenata kwenye bodi. Alichuchumaa kwenye gurudumu la mbele, akapangusa matope kwa dole gumba. Njano. La nyuma yake, njano. Akazunguka upande wa pili. Njano, njano. Ubavuni mwa tairi, kwenye neno la kushika barabara, herufi A mbili zilikuwa wima, safi, kama zilivyotoka kiwandani. Mvua ilianguka juu ya mpira ule, ikaingia kwenye mifereji minne, ikatoka.

Alilala chini kwenye maji kutafuta tarakimu. Wiki ya nane. Alipogeuza kichwa aliona kandambili za mwanamke na vidole vya miguu vilivyolowa.

"Inuka, Bu," Teti alisema. "Utaugua."

Sukaesih akainuka. Wakatazamana, maji yakiwachuruzika usoni.

"Uliyabadilisha lini?"

"Jumapili. Abah alikwenda kuswali alfajiri, akabaki msikitini kusikiliza mawaidha. Magari yote mawili hulala uani kwetu. Ilinichukua saa moja na nusu." Aliongea bila kupanda wala kushuka, kama mtu anayesoma orodha. "Nikayapaka matope ili asione haraka."

"Kwa nini?"

"Ijumaa iliyotangulia niliteleza. Kona ileile ya chini ya soko. Nina karoti tani moja nyuma na Gilang wangu amelala kiti cha pembeni. Ana miaka minne. Gari likaanza kwenda lenyewe, nakanyaga breki ni kama sikanyagi kitu. Likasimama gurudumu moja liko hewani. Gilang hata hakuamka." Akapangusa maji usoni. "Nilikaa pale mpaka kukapambazuka, naogopa hata kupumua."

"Ungemwomba baba yako."

"Angenipa. Ndiyo maana sikumwomba. Angenipa yote manne, halafu yeye asingekwenda, na wagonjwa wake wangebaki majumbani. Ungemjua Abah ungejua hivyo." Sasa sauti ilianza kuvunjika. "Nikapima, Bu. Nikajiambia yeye anashuka mchana, mwendo wa kobe, mara mbili kwa wiki. Mimi nashuka kila siku, gizani, na mzigo. Siku kumi tu, tukimaliza kuvuna, nitayarudisha. Jumatatu ilikuwa kavu, akaenda akarudi. Nikasema unaona, hakuna neno. Alhamisi ikanyesha."

"Alhamisi asubuhi ulikuwa wapi?"

"Jikoni. Nilisikia akiwasha gari. Nilisikia mvua, na gari. Nilikwenda hadi mlangoni." Akaziba mdomo kwa mkono wake mpana, akautoa. "Bi Onih alinipungia mkono dirishani. Nami nikampungia."

Mbele yao mlinzi wa hospitali alikuwa akimwelekeza mtu kuegesha. Sukaesih alitazama saa. Tisa na dakika thelathini na tano.

"Baba yako amekwishatia sahihi," alisema. "Kwa jina lake."

"Najua. Nilikuwa mlangoni. Sikumzuia." Teti aliishika pikapu kwa mkono mmoja kama mtu anayetafuta pa kusimama. "Mtoto wangu ana miaka minne, sikumzuia. Nimeshuka hapa kwa ajili ya kuondoka, funguo hizi hapa. Ni nusu saa sasa niko chini ya ngazi zile, siwezi kuingia garini."

"Nipe funguo."

Akampa.

*

Walipoingia wodini wote wawili wakichuruzika maji, Mwalimu Engkos alitazama uso wa binti yake, kisha wa Inspekta, akaelewa. Akamwambia askari wa zamu atoke, kwa sauti ya kumtoa mwanafunzi darasani, na askari akatoka.

"Bu, mna sahihi yangu. Kazi imekwisha."

"Ulitambua asubuhi, nilipokuonyesha picha," Sukaesih alisema. "Gari lako halilali kwingine ila uani kwako."

"Mimi nimeshaishi. Yeye ana mtoto. Hii hesabu hata darasa la kwanza wanaiweza. Wewe una mama, Bu? Ungekuwa yeye, mama yako angefanya nini?"

"Angefanya kama wewe."

"Basi."

"Na mimi ningekuja tu, Pak. Mume wa Bi Onih anadai kujua ni nini kilichomuua mkewe. Siwezi kumpelekea uongo, hata uwe uongo mzuri namna gani."

Mzee akanyoosha mkono, akamshika Sukaesih kifundo cha mkono. Alikuwa na nguvu zaidi ya alivyoonekana. "Nakuomba," alisema. "Sijawahi kumwomba mtu wa serikali kitu chochote. Nakuomba wewe."

"Abah, basi," Teti alisema. Akapiga magoti kando ya kitanda, akavifungua vidole vya baba yake kimoja kimoja kutoka kwenye mkono ule. "Basi. Sina siku nyingine tena ya kusimama ukumbini na bakuli."

Sukaesih akavuta kiti, akachukua karatasi mpya, akaandika jina, umri, kazi, saa. Teti alieleza yote tangu Ijumaa hadi Alhamisi, na alipofika pale pa kupunga mkono alisimama, akaanza upya, akamaliza. Baba yake alikuwa amegeukia ukuta. Bega lake pekee ndilo lililoonekana, likipanda na kushuka.

Ilipobaki sahihi tu, mzee alisema bila kugeuka.

"Teti."

"Abah."

"Ulishuka nayo mvuani? Kabla ya Alhamisi?"

"Jumatano. Mvua kubwa sana, saa tisa za usiku."

"Pale kwenye kona ya chini ya soko?"

"Palepale."

"Na mzigo?"

"Na mzigo. Tani moja na zaidi."

"Yalishika?"

Teti aliweka paji la uso wake kwenye ukingo wa kitanda. "Yalishika, Abah. Kama lami kavu. Gari halikutikisika hata kidogo."

Mwalimu Engkos aliitikia kwa kichwa, akiutazama ukuta, mara mbili, tatu, kama anayesahihisha jibu la mwanafunzi na kulikuta sahihi. Kisha akaanza kulia, kwa sauti, bila kujificha, kama walivyolia watu wa Bi Onih pale mtoni.

Sukaesih alingoja. Halafu akaishusha kalamu kwenye karatasi, kwa sababu hata hilo lilikuwa ushahidi, na pengine ndilo lililokuwa zito kupita yote: kona ileile, mvua kubwa kuliko ile, mzigo mzito kuliko ule, na matairi ya mwalimu yalishika. Akaliandika neno kwa neno. Akamsomea Teti, akamgeuzia karatasi, na Teti akatia sahihi.